Kiuno cha Bibi Harusi wa Ottawa

"Vuta pumzi," alisema Madamu Daphrose, pini zimemjaa mdomoni.

Umulisa akavuta.

"Nimesema uvute, sikusema unuse."

Nyuma ya cherehani yake, Spéciose aliangua kicheko hadi mguu ukapoteza mwendo kwenye pedali. Umulisa alikuwa amesimama juu ya stuli katikati ya chumba cha ushonaji, kama mtu anayesubiri kutawazwa. Naye alitaka kucheka lakini hakuthubutu. Kicheko kinahitaji tumbo, na tumbo lake siku hizi lilikuwa halitaniwi.

Blauzi aliyokuwa amevaa haikuwa yake. Ilikuwa ya Ihirwe, binti wa watu wa Kagugu anayeishi Ottawa, ambaye siku zake za gusaba zilikuwa zimekaribia. Gusaba ndiyo siku familia mbili zinapokaa zikitazamana, wazee wakarushiana maneno ya kuposa, na bibi harusi akasubiriwa mpaka watu wachoke, ili akitoka na shuka lake la mshanana begani kila jicho liwe juu yake. Nguo ya siku hiyo haisameheki. Ikilegea kiunoni, shangazi wa upande wa pili wataizungumza mpaka wajukuu.

Ihirwe alikuwa amepita Kigali kwa likizo fupi, akachagua hariri ya rangi ya asali, akazungushiwa futi kiunoni, akapanda ndege akarudi zake. Jioni ya siku hiyohiyo Umulisa akaingia kuomba kazi. Madamu Daphrose hakumwuliza katokea wapi. Alimzungushia futi ileile, ikakutana palepale.

"Huyu ndiye Ihirwe wangu," alisema, kwa Kiswahili chake alichokiokota mtaani Nyamirambo utotoni. "Iko na mikono pia? Vizuri. Njoo kesho."

Basi Umulisa akapata kazi, kiuno kikitangulia na mikono ikifuata. Usimcheke. Wapo mjini waliopata kazi kwa majina ya wajomba zao.

Madamu Daphrose alikuwa haandiki vipimo. Alisema namba inasahau lakini mwili hausahau. Sanamu la plastiki alilonunuliwa na mwanawe lilikuwa linasimama mlangoni, limevalishwa kofia, na kazi yake ilikuwa kushika vumbi. "Lile halipumui," alikuwa akisema. "Bibi harusi anapumua." Kwa hiyo nguo yote ya Ihirwe ilijengwa juu ya Umulisa, mshono kwa mshono. Bahati mbaya mwili huo uliokuwa umechaguliwa kuwa kipimo ulikuwa umeanza safari yake wenyewe.

"Iko inabana tena," Madamu alinong'ona, akipitisha kidole kwenye kulabu za mgongoni. "Si niliachia mshono juma lililopita?" Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, akaivaa. "Macho yangu haya. Shuka. Mchana nitafumua, niachie tena."

Umulisa akashuka taratibu. Alikuwa bado ndani ya miezi ya majaribio, yaani neno moja la Madamu lilitosha kumrudisha barabarani. Lakini njiani kwenda kubadili nguo alijiambia kwa sauti ndogo: leo.

Norman alikuwa akimsubiri kwenye mgahawa wa kona, mle ambamo unalipia sahani moja na kuchota mara moja tu, ndiyo maana watu hujenga ghorofa. Yeye ni fundi wa madirisha ya aluminiamu, na ghorofa lake lilionyesha ufundi. Wali ulikuwa chini, ndizi na maharage juu yake, viazi vimeshikilia kuta, na kipande cha nyama kimekaa kileleni kama tangi la maji.

"Umechota kama mtu anayehama," Umulisa alisema akiketi.

"Nimechota kwa ajili ya watu watatu."

Alisema hivyo akitabasamu, na lile tabasamu ndilo lililomponza Umulisa tangu mwanzo. Vumbi la aluminiamu lilikuwa limemkaa kwenye nyusi, likamfanya aonekane mzee mwenye sura ya kijana. Mkono wa Umulisa uliwasha kwa hamu ya kulifuta. Akaukalia. Siku ambayo una jambo la kusema, kugusana kunaharibu sentensi.

"Namwambia leo," alisema.

"Nani?"

"Madamu."

Uma wa Norman ukasimama hewani. "Umu, tulikubaliana. Miezi ya majaribio iishe kwanza. Ukishapewa mkataba, hata ukijifungulia juu ya cherehani hawezi kukugusa."

"Tulikubaliana, au wewe ulikuwa unasema na mimi nilikuwa natapika?"

"Jifunge kanga tumboni, vaa magauni mapana. Wanawake wangapi wamefanya hivyo?"

"Magauni mapana! Norman, mimi kazi yangu ni kuvaa kiuno cha mtu. Kila nikinenepa, yule mama anadhani kakosea yeye, anaiachia nguo. Mchana huu anaiachia mara ya pili. Ihirwe atashuka kwenye ndege na kiuno chake kilekile, atavalishwa gunia mbele ya ukoo mzima."

"Lakini si nguo ya watu tu, mpenzi?"

"Ndiyo, ni ya watu. Ingekuwa yangu ningeificha."

Norman aliweka uma chini. Alizaliwa Mwanza na kukulia Mwanza, na Kiswahili chake kilikuwa laini hata anapokasirika, jambo lililomwudhi Umulisa kwa kuwa hakuweza kumchukia vizuri. "Wewe unadhani ukisema kweli watu watakupigia makofi. Watakutoa nje."

"Wakinitoa nitatoka kwa miguu yangu. Duka nililokuwa kabla ya hapa, mwenzangu mmoja alijifunga hiyo kanga unayoisema. Siku alipogundulika, tajiri alimfukuza mbele ya wateja, na unajua alimwambia nini? Sikufukuzi kwa mimba, nakufukuza kwa uongo. Na sisi wote tukakosa la kumtetea. Mimi hilo neno sitalisikia likisemwa juu yangu."

Meza ya jirani ilinyamaza ili isikie vizuri zaidi. Norman akasogeza kiti, akateremsha sauti.

"Basi nipe muda nimlainishe mama. Akikubali tunafunga ndoa, unamwambia bosi wako ukiwa mke wa mtu. Heshima tupu."

"Mama yako alisemaje mara ya mwisho?"

"Alisema..." Norman akakuna shingo. Mama yake, Mama Connie kama kanisa zima lilivyomwita, alikuwa amehama naye kutoka Mwanza na kwaya yake moyoni, na aliposikia kijana wake anamfuata binti wa Kiislamu wa Nyakabanda alitoa jibu fupi. "Alisema labda afe kwanza."

"Na afya yake?"

"Nzuri sana," Norman akakiri.

Wakacheka wote wawili, bila kupenda, na kwa muda mfupi wakawa tena wale waliokutana kwenye mvua wakigombania mwavuli mmoja. Kisha Umulisa akaacha kucheka.

"Unamlainisha tangu Pasaka. Hata ngozi ya ng'ombe ingekuwa kiatu sasa. Umemwambia kuhusu mtoto?"

Norman akatazama ghorofa lake.

"Haya. Mimi nina mwajiri mpya, hata harufu ya nyumba yake sijaizoea. Wewe una mama aliyekuzaa. Na bado anayeanza kusema ni mimi."

"Twende wote, basi."

"Usije. Ukija utaniombea radhi, na mimi siendi kuomba radhi. Naenda kusema."

"Umu, nakupenda."

"Najua. Isingekuwa hivyo nisingekaa kwenye kiti hiki." Akasimama, akaweka mkono mezani, karibu na wa Norman lakini si juu yake. "Usinitafute mpaka uwe umemwambia. Sisemi akubali. Sisemi afurahi. Umwambie tu."

Akatoka. Alivuka barabara shingo ikimwomba igeuke, akaikatalia, akaikatalia tena, kisha akaipa ruhusa mara moja. Norman alikuwa bado amekaa, anautazama mlango, na lile ghorofa halikuwa limepungua hata tofali moja.

Madamu Daphrose alikuwa dirishani, nguo imelala mapajani, kisu kidogo cha kufumulia kimo mkononi. Ncha ilikuwa tayari chini ya uzi.

"Madamu, usifumue."

"Kwa nini?"

Umulisa alikuwa amepanga utangulizi mzuri tangu mgahawani. Ulikuwa na salamu, shukrani, na sehemu ya kulia kidogo kama ingehitajika. Wote ukamtoroka.

"Nguo haina kosa. Mimi ndiye niliyebadilika. Nina mimba."

Cherehani ya Spéciose ikanyamaza. Huu ni mji ambao tumbo huachwa lijitangaze lenyewe. Watu huona, hunyamaza, na mtoto akilia ndipo hubisha hodi na maziwa. Kulisema kwa mdomo, mchana, kwa mwajiri, ilikuwa kama mtu kuingia kanisani na viatu mkononi.

"Spéciose," Madamu alisema bila kugeuka, "nenda kanunue uzi."

"Uzi upo, Madamu."

"Basi kanunue ule usiokuwepo."

Spéciose akatoka kwa mwendo ambao hata bibi harusi angeuonea haya kwa upole wake. Mlango ulipofungwa hatimaye, Madamu akaweka kisu chini.

"Tangu lini?"

"Siku niliyokuja hapa nilikuwa nashuku. Juma lililofuata nilijua."

"Ukapanda hapo juu. Nikakuzungushia mikono hii. Nikasema vuta pumzi."

"Nikavuta."

"Ukavuta!" Madamu akavua miwani, na bila miwani uso wake ulikuwa mdogo, umechoka, kama wa mtu aliyeamshwa. "Unajua mimi iko nafanya nini nyumbani siku hizi? Nalia. Nasema mikono imekwisha, macho imekwisha. Maisha yangu yote sijawahi kukosea kiuno, sasa nakosea mara mbili kwa nguo moja. Jumapili nimemwambia kijana wangu tutafute mtu wa kununua hizi mashine. Na wewe iko unasimama hapo unaniona naachia mshono, unanyamaza. Uliniacha nizeeke, wewe mtoto!"

Umulisa alikuwa ametayarisha majibu ya kila kitu. Kama angeitwa malaya, alikuwa na jibu. Kama angeitwa mwizi wa mshahara, alikuwa na jibu, tena kali. Hili hakuwa amelifikiria. Aliona ile mikono yenye mishipa ikipapasa hariri, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aibu ikampata, tena mahali alipokuwa hakuilinda.

Akapiga goti moja, kama mtu anayempokea mkubwa kikombe.

"Kwa hilo naomba radhi, Madamu. Ningesema mara ya kwanza ulipoachia. Niliogopa kazi, nikakuacha ujishuku. Nisamehe." Akainua uso. "Kwa mtoto siombi."

Nje, muuza mkaa alipita akinadi. Madamu Daphrose akaivaa tena miwani, akamtazama Umulisa.

"Iko na mdomo wewe."

"Ninao. Na mikono pia. Ulisema mwenyewe."

"Nilikuchukua kwa kiuno."

"Kiuno kimekwenda zake, Madamu, na sijui kitarudi lini. Nichukue kwa mikono. Kama huitaki, niambie leo, nianze kutafuta kabla miguu haijavimba. Ila usinifanye nibaki hapa nikijificha nyuma ya mapazia. Hiyo kazi siiwezi."

"Wateja wataangalia kidole, hakina pete. Watasema nini?"

"Watasema wanataka nguo."

"Baba wa mtoto yuko?"

"Yuko."

"Wapi?"

"Anatafuta sauti yake."

Kona ya mdomo wa Madamu ikacheza, lakini akaibana haraka. Akageuza blauzi ndani nje, akaisogeza kwenye mwanga. Hariri haisahau sindano. Pale ulipokuwa mshono wa kwanza, matundu madogo yalikuwa bado yamejipanga kama nyayo za sisimizi, na mshono mpya ulikuwa umekaa nje yake.

"Unaona nini?" akauliza.

"Njia ya mwanzo. Kama ulivyonionyesha, nikipita juu yake palepale, haitabaki alama."

"Na ukikosa tundu hata moja?"

"Litaonekana, kwa sababu kitambaa ni kipya na bibi harusi atakaa mbele."

"Nyanyuka, goti lako litakufa ganzi." Madamu akamtupia nguo. "Kaa. Rudisha. Kwa mkono, si kwa mashine. Ijumaa Ihirwe iko anakuja kuvaa. Ikimkaa, tutaongea. Isipomkaa, mimi na wewe hatuna cha kuongea."

Umulisa alishona siku hizo kama mtu anayetembea juu ya ukuta. Tundu, uzi, tundu, uzi. Kichefuchefu kikimjia alitoka, akarudi, akanawa mikono, akaendelea alipoishia. Hakujifunga kanga. Simu yake ililala mezani kifudifudi, na kila ilipotetemeka aliigeuza upesi, akakuta ni mtandao unauza vifurushi. Norman hakupiga. Alikuwa ameambiwa asipige, na kumbe mwanaume akitii anaumiza kuliko akikaidi. Nyumbani kwa shangazi yake, alikokuwa akiishi, alitazama dirisha lenye fremu za aluminiamu alizozifunga Norman mwenyewe, akajiuliza kama mtu anaweza kuchukizwa na dirisha.

Ijumaa Ihirwe aliingia na jeshi la shangazi. Alikuwa mwembamba, mchangamfu, na Kinyarwanda chake kilikuwa kimeshika baridi ya Ottawa. Akaingia nyuma ya pazia na Madamu Daphrose. Umulisa alikaa kwenye cherehani ya mwisho, akisikia kulabu zikifungwa moja baada ya nyingine. Akahisi anazifunga yeye.

Pazia likafunguka.

Ihirwe akainua mikono, akaishusha. Akainama, akanyooka, akaketi kitini kama atakavyoketi siku yenyewe. Hariri ikamfuata kila alikokwenda. Shangazi mmoja, mwenye jicho la mtu wa forodha, akaukaribia mshono wa kiunoni, akaupapasa, akaugeuza, akatafuta, akakosa.

"Ni kana kwamba mlibaki na mwili wangu hapa!" Ihirwe akasema, machozi yakimlenga. "Madamu, yule dada mliyesema tuna kiuno kimoja yuko wapi? Nataka kumshukuru."

Umulisa akashika ukingo wa meza. Ilikuwa rahisi mno kusema ametoka, ametumwa uzi, anaumwa. Spéciose mwenyewe alikwisha kufungua mdomo ili amwokoe.

"Umulisa," aliita Madamu Daphrose. "Simama."

Akasimama. Macho ya Ihirwe yakashuka, yakasita, yakapanda. Shangazi mwenye jicho la forodha akakohoa.

"Mlikuwa na kiuno kimoja," Madamu alisema. "Sasa mwenzako iko na mtu ndani. Aliniambia mwenyewe, kwa mdomo wake, ndiyo maana leo hujavaa gunia. Huo mshono unaoupapasa, mama, ni wa mkono wake. Huyu ni fundi wangu. Mkiwa na harusi nyingine, mnauliza Umulisa."

"Na mume?" shangazi akauliza.

"Mama, hapa tunashona. Kuposa ni kwenu." Kisha, kwa sauti ya kikazi, kana kwamba anaagiza vifungo: "Umulisa, Jumatatu unakuja saa yako ya kawaida. Stuli nitatafuta mwingine wa kupanda. Mkataba tutaongea mimi na wewe, si mbele ya watu."

Ihirwe alikuwa ameshavuka chumba, nguo yake ya thamani ikiburuzika sakafuni. Akamkumbatia Umulisa huku shangazi wakipiga kelele kwamba atakunja hariri.

Ni Spéciose aliyekuwa wa kwanza kutazama nje. "Yewe! Umulisa, kijana wako wa madirisha yuko barabarani. Anazunguka kama amepoteza funguo."

Norman alikuwa amevaa shati la kanisani siku ya kazi. Macho yake yalikuwa mekundu. Umulisa akamfuata barabarani, wakasimama wakitazamana, na pikipiki zikawapita pande zote mbili.

"Nimemwambia," alisema.

"Lini?"

"Sasa hivi. Natoka huko."

"Alisemaje?"

"Aliniuliza kama nimelewa. Kisha akalia. Kisha akasema nisikanyage kwake na binti wa Kiislamu, yeye bado ana msimamo wake." Akavuta pumzi. "Kisha akaniuliza kama unakula."

"Akauliza?"

"Akauliza. Halafu akakumbuka kwamba amekasirika, akafunga mlango."

Umulisa akamtazama huyu mwanaume aliyekuwa amepoteza nyumba kwa asubuhi moja na amekuja kwa miguu kusema hivyo. Akainyoosha kola ya shati lake, iliyokuwa imekaa upande. Vidole vyake vikabaki pale shingoni muda mrefu kuliko kola ilivyohitaji.

"Hajakubali, Umu."

"Nimesikia. Wala mimi sijaambiwa nitalipwa vipi. Lakini kazi ninayo."

Kabla Norman hajajibu, sauti ya Madamu Daphrose ikatoka mlangoni, ikavuka barabara yote. "Umulisa! Huyo ndiye aliyeniharibia kipimo? Aingie! Hawa mashangazi wanataka kumwona, na mimi nataka kumwona kabla yao!"

Norman akauchungulia mlango. "Wako wangapi mle?"

"Wengi."

"Niingie?"

"Mimi niliingia peke yangu," alisema Umulisa, akamshika mkono. "Wewe una bahati. Unaingia na mimi."